Lugha ya Hotuba za Kuwakumbuka Wafu wa Majimaji: Kati ya Kilwa na Songea

1.0 Utangulizi

Katika mazishi ya Waislamu wa mwambao wa Kilwa na Lindi, kabla watu hawajatawanyika, ndugu wa marehemu husimama na kutoa tangazo fupi: anayemdai marehemu awaone warithi, na aliyekosewa naye amsamehe. Kiisimu, hilo ni tendo-usemi kamili. Linakiri kuwapo kwa deni, linamtaja atakayelibeba, na linaelekezwa kwa mtu aliye hai awezaye kujibu. Makala haya yanalitumia tangazo hilo kuwa kipimo cha hotuba mbili za viongozi wa kisiasa kuhusu wafu wa Vita vya Majimaji (1905–1907), vita vilivyoanzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi, Kilwa.

2.0 Hotuba ya 1956

Tarehe 20 Desemba 1956, Julius Nyerere, Rais wa TANU, alizungumza kwa Kiingereza mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Alieleza kwamba watu walipigana kwa kuwa hawakukubali haki ya mzungu ya kumtawala na kumstaarabisha mweusi. Hawakusukumwa na vitisho wala kiapo cha kishirikina, bali waliitikia wito wa asili wa moyo. Muundo wa hoja ni wa kukanusha mara mbili, kisha “bali”. Sababu yake si ngumu kuiona: wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau, na neno “kiapo” lingeweza kuiponza TANU. Hata hivyo, ukanushi huo uliyaondoa maji katika vita vilivyopewa jina la maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, hana nafasi katika sentensi hiyo. Alirejeshwa na mzaliwa wa Kilwa, Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969). Wafu, basi, walitumika kuwatetea walio hai. Jambo la kawaida katika hotuba za aina hii, wala si la kulaumiwa upesi.

3.0 Hotuba ya 2023

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alihutubia katika Makumbusho ya Majimaji, Songea. Alisema anaona aibu, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa wenyeji, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano. Kisarufi hapa pana hatua kubwa. Kauli ya kutendwa ya Kiswahili, kama “waliuawa” au “walinyongwa”, huruhusu mtenda asitajwe; hotuba hii ilimtaja, tena kwa kinywa cha mkuu wa nchi yake, mbele ya wazao walio hai.

Ugumu uko katika kitenzi “samehe”. Kijerumani hutenganisha: kosa lina verzeihen, deni lina erlassen. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili: mtu husamehe kosa, na pia husamehe deni. Msikilizaji wa Kilwa aliyezoea tangazo la makaburini anaweza kuelewa kwamba anaombwa afute vyote viwili kwa pamoja. Tena mpangilio umegeuka. Makaburini mdai huitwa kwanza aseme anadai nini. Songea msamaha uliombwa kabla mdai hajataja kiasi. Mfasiri mwangalifu angeweza kuandika “kuomba radhi”, kwa kuwa radhi haigusi deni, ingawa hapo uzito wa kukiri ungepungua.

4.0 Kilwa Kivinje

Majina ya walionyongwa Songea yameandikwa kwenye mnara wa makumbusho, na hukumbukwa kila tarehe 27 Februari. Kilwa Kivinje, alikonyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwezi Novemba 1895, miaka kumi kabla ya Majimaji, kumbukumbu imehifadhiwa katika jina la mahali: Mwembe Kinyonga. Wenyeji hulihusisha jina hilo na kitenzi “nyonga”, si na mnyama kinyonga. Umbo lenyewe ni ki-nyong-a. Aliyenyonga hatajwi, wala aliyenyongwa.