SOMO LA 9: TALANTA ILIYOFUKIWA

Ulikuwa ukitoka shambani umechoka, lakini ukaja darasani. Sasa unaweza kusoma ukurasa huu peke yako. Je, elimu hiyo utaitumiaje?

Somo hili linahusu uwakili. Hapa hatusemi wakili wa mahakamani. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze na kuizalisha. Wakristo hufundishwa kwamba nguvu, akili, muda na mali ni amana ya Mungu. Siku moja amana hiyo itadaiwa hesabu.

Watumwa watatu

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Yesu alitoa mfano. Bwana mmoja alitaka kusafiri. Aliwaita watumwa wake akawakabidhi fedha, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Wa kwanza alipata talanta 5, wa pili 2, wa tatu 1.

Wa kwanza alifanya biashara akapata nyingine 5. Wa pili naye alipata nyingine 2. Wa tatu alichimba shimo akaifukia talanta yake.

Bwana aliporudi aliwasifu wale wawili kwa sifa ile ile. Mwenye 2 hakusifiwa kidogo kuliko mwenye 5. Lakini yule wa tatu alinyang'anywa talanta yake.

Kosa lake lilikuwa nini? Hakuiba. Hakuinywea pombe. Aliirudisha nzima. Yeye mwenyewe alisema kwamba aliogopa. Hofu ndiyo iliyomfanya afukie.

Tuhesabu

Wengine husema, "Yule alipewa kidogo." Si kweli. Talanta 1 ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi. Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, dinari 6,000 ni ujira wa miaka 20. Basi usikidharau kipawa chako ukisema ni kimoja tu.

Elimu nayo hufukiwa

Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walijifunza hata chini ya miti. Kufikia mwaka 1986, watu wazima wapatao 90 katika kila 100 walihesabiwa kuwa wanajua kusoma na kuandika. Lakini katika sensa ya mwaka 2002 walikuwa 69 hivi katika kila 100. Sababu ni nyingi. Madarasa yalipungua na vitabu viliadimika. Tena wako waliojua kusoma, wakaacha, wakasahau.

Siku moja nilimkuta mzee mmoja mahali pa kuuzia pamba. Alikuwa amemaliza darasa letu na cheti alikuwa nacho. Karani alimpa stakabadhi. Mzee akampa kijana amsomee.

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Mbona wewe ni msomaji?"

Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Miaka miwili sijashika kitabu. Naogopa watu watanicheka."

Tuliketi kando tukaisoma pamoja, polepole. Mizani ilikuwa imeonyesha kilo 86. Stakabadhi iliandikwa kilo 68. Mzee alirudi kwa karani, akamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe. Karani akasahihisha. Kilo 18 za jasho lake zilikuwa karibu kupotea, kwa sababu aliogopa kusoma.

Tufanye nini?

1. Soma kila jioni, hata mistari mitano. Anayesoma kila siku hasahau.

2. Weka daftari la nyumbani. Andika mapato, matumizi na sadaka. Baba na mama walisome pamoja kila mwisho wa mwezi.

3. Msaidie jirani asiyejua kusoma. Msomee kadi ya kliniki au maelezo ya dawa. Usimcheke.

4. Kama unajua kushona, kufinyanga au kufuga nyuki, mfundishe kijana mmoja. Ufundi usiofundishwa huzikwa pamoja na fundi.

5. Saidia kuandika hesabu za kanisa. Wakati wa mavuno waumini huleta mahindi, ndizi na kuku, navyo hupigwa mnada. Fedha hizo ziandikwe siku ile ile, na zisomwe mbele ya wote. Hesabu ya wazi huondoa manung'uniko.

Ndugu msomaji, huulizwi kwa nini hukupewa talanta 5. Utaulizwa ile 1 umeifanyia nini. Kama umeifukia, chukua jembe uifukue leo.

Maswali

1. Wakili ni mtu wa namna gani?
2. Kwa nini mtumwa wa tatu aliifukia talanta yake?
3. Yule mzee alifanana na mtumwa wa tatu kwa jambo gani?
4. Kama kilo moja ya pamba ni shilingi 1,000, mzee angepoteza shilingi ngapi?

Kazi ya kufanya

Andika katika daftari lako vipawa viwili ulivyo navyo. Mbele ya kila kimoja, andika utakavyokitumia wiki hii. Wiki ijayo uwasomee wenzako darasani uliyoyatimiza.