Fanya, Usifanye: Masika Hayabishi Hodi Rongai

Masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Kitengela, mto ulivunja kingo na watu wakazingirwa na maji. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba Kajiado, kaunti yetu sisi wa Kitengela na Rongai, ni kukavu.

FANYA: Dharura si mafuriko tu: anza na ufunguo wa grili ya mlango. Utundike msumarini, pale ambapo mkono wa mtoto unafika na wa mwizi aliye dirishani haufiki. Kisha zima taa, uutafute. Mimi nilipapasa juu ya friji, chini ya televisheni, kwenye sahani ya sukari. Kumbe ulikuwa mfukoni mwa suruali niliyoianika juu ya paa, ghorofa ya nne! Kungekuwa na moto, haya nisingeyaandika.

USIFANYE: Usilale na jiko la makaa chumbani, hata baridi ya Julai ikuume vipi. Sumu yake haina harufu wala rangi, na haitakuamsha.

USIFANYE: Ukinusa gesi, usiguse swichi, si ya kuwasha, si ya kuzima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni ikingoja cheche. Funga mtungi, fungua mlango, toa watu.

FANYA: Weka maji. Watu watano, lita nne kila mmoja kwa siku, mtungi wa lita 20 umekwisha. Weka mitatu. Anayengoja bowza hapa Rongai hahitaji kuelezwa sababu.

FANYA: Weka noti za mia mia ndani ya nyumba. Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Simu ikizima, pesa zilizomo hazikununulii hata mshumaa. Noti hizo zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho na dawa za mgonjwa wa nyumbani.

FANYA: Mtoto ajue 999, 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Lakini namba peke yake haitoshi. Akiulizwa "Uko wapi?" asijibu "Nyumbani." Aseme steji, plot ya nani, geti la rangi gani, linatazamana na kioski gani. Mfanyishe mazoezi mpaka achoke.

USIFANYE: Usivuke maji yanayokwenda kasi kwa sababu makanga amesema "twende". Yakifika magotini tu, yanamwangusha mtu mzima. Wanatuita Diaspora kwa utani, kana kwamba Rongai iko ng'ambo, lakini Barabara ya Magadi ikizibwa wewe ukiwa kazini mjini, utani umekwisha. Patana leo na jirani atakayewapokea watoto, na ndugu utakayelala kwake.

USIFANYE: Usimwachie kila kitu keateka wa plot. Muulize ufunguo wa pili wa geti uko kwa nani. Wangu alicheka kwanza.