Somo la 14: KIRAFIKI

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima, kando ya Ziwa Kivu, karibu na mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani. Huko Kadutu nyumba zimesongamana mlimani, hii juu, hii chini. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya jirani wa juu hushuka kwa jirani wa chini. Hapo ugomvi huanza upesi.

Tuseme maji yameingia jikoni mwa jirani wa chini. Makaa yamelowa, na unga umeharibika. Mama mwenye jiko anapanda kwa jirani yake na kusema: «Baba, njoo uone maji yako.»

Anaweza kusema hivyo kwa hasira, mbele ya watu. Basi yule baba atajibu kwa hasira vilevile: «Mvua ni yangu?» Mlango utafungwa, na mvua ikirudi, maji yatarudi.

Lakini anaweza kubisha hodi, kusalimu, kuuliza habari za watoto, kisha kusema maneno yaleyale kirafiki. Baba atashuka, atauona unga uliolowa, na kusema: «Pole, mama. Sikujua.» Kesho yake watachimba mfereji pamoja, maji yapite kando ya nyumba zote mbili.

Maneno ni yaleyale. Namna ya kuyasema ndiyo iliyobadilika. Hiyo ndiyo kazi ya neno «kirafiki»: laeleza jinsi tendo linavyotendwa. Neno la namna hii huitwa kielezi.

Tazameni lilivyoundwa: ki + rafiki = kirafiki. Vivyo hivyo: ndugu, kindugu, mtoto, kitoto.

Kielezi hakibadiliki. Twasema: rafiki mmoja, marafiki wawili. Lakini: mtu mmoja asema kirafiki, watu wengi wasema kirafiki.

Tukitaka kueleza jina la kitu, twatanguliza -a: salamu za kirafiki, barua ya kirafiki, shauri la kirafiki.

Angalieni sana mambo mawili. Kwanza, si lazima mtu awe rafiki yako ndipo useme naye kirafiki. Hata mgeni, hata mtu uliyekosana naye, waweza kusema naye hivyo. Pili, kusema kirafiki si kuficha kosa. Mama hakusema kwamba unga ni mzima. Alisema kweli, naye jirani akaweza kuisikia.

MASWALI
1. Kwa nini maji huleta ugomvi Kadutu?
2. Mama alifanya nini kabla ya kusema habari ya maji?
3. Ni nini kilichomfanya baba ashuke?

ZOEZI
Jazeni kwa: rafiki, marafiki, kirafiki, ya kirafiki.
1. Mwalimu alituonya ______.
2. Juma ana ______ watatu.
3. Alimwandikia jirani barua ______.
4. Huyu ni ______ yangu wa zamani.