Somo: Kuthibitisha kazi na mshahara katika ombi la viza ya mke au mume



Wengi wanaokuja katika ofisi zetu za huduma za jamii wana shida moja: mume yuko Uingereza, mke yuko hapa Kenya na watoto, au kinyume chake. Ndoa ni halali, mapenzi yapo, lakini ombi la viza limekataliwa. Mara nyingi sababu si ndoa. Ni karatasi za mshahara. Basi tujifunze pamoja.

1. Ni mshahara wa nani?

Ni wa yule anayeishi Uingereza. Hapa ndipo wengi hukosea. Mwalimu au nesi anayeomba viza kutoka Kenya huleta barua ya mwajiri wake wa hapa, akidhani itasaidia. Kazi ya hapa haihesabiwi katika mapato yanayotakiwa. Pia pesa ambazo mume hutuma kwa M-Pesa zinaonyesha kwamba anaijali familia yake, lakini hazithibitishi mshahara.

2. Ni kiasi gani?

Kuanzia Julai 2012 kiwango kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, na nyongeza kwa watoto. Tarehe 11 Aprili 2024 kilipandishwa kuwa pauni 29,000, na nyongeza ya watoto ikaondolewa. Kinachohesabiwa ni mshahara kabla ya kodi na makato. Ikiwa aliye Uingereza hupokea malipo fulani ya serikali ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa, hatapimwa kwa kiwango hiki, bali ataonyesha kwamba pesa zinatosha kuitunza familia.

3. Karatasi gani zinatakiwa?

Kwa aliyeajiriwa na mwajiri mmoja kwa miezi 6 au zaidi, ni hizi tatu:

(a) Hati za mshahara za miezi 6, yaani ile karatasi ya kila mwisho wa mwezi inayoonyesha mshahara na makato.

(b) Taarifa za benki za miezi ile ile 6, zikionyesha mshahara ukiingia.

(c) Barua ya mwajiri. Barua hii iseme mambo manne: kwamba ameajiriwa na analipwa kiasi gani kwa mwaka, ameanza kazi lini, amelipwa kiwango hicho tangu lini, na kazi ni ya kudumu, ya mkataba wa muda, au ya kupitia wakala.

Karatasi hizi ni kama mafiga matatu: moja likikosekana, chungu hakikai. Hati ikisema alipokea pauni 1,950, basi benki nayo ionyeshe pauni 1,950. Aliyelipwa mkononi bila pesa kupita benki atapata taabu. Tena karatasi zisizeeke: miezi hiyo 6 iishie ndani ya siku 28 kabla ya kutuma ombi.

Kama mshahara wa mwezi ulipanda na kushuka, kiwango cha chini kabisa ndicho hutumika. Wanaolipwa kwa saa hupigiwa wastani. Aliyebadilisha kazi kabla ya miezi 6 kwisha huonyesha mshahara wake wa sasa unafika kiwango, na tena mapato ya miezi 12 iliyopita yanafika. Kwa hiyo mwambie asibadilishe kazi ovyo wakati mnajiandaa.

4. Mshahara usipotosha?

Akiba ya benki inaweza kujaza pengo, iwe ya mume, ya mke, au ya wote wawili, ikiwa imekaa miezi 6. Hesabu ni hivi: chukua upungufu, zidisha kwa 2.5, kisha ongeza 16,000. Mfano: mshahara ni pauni 27,000. Upungufu ni 2,000. Mara 2.5 ni 5,000. Ongeza 16,000, jumla pauni 21,000. Asiye na mshahara kabisa huhitaji pauni 88,500. Hati ya shamba haihesabiwi kama akiba. Zinazohesabiwa ni pesa taslimu.

5. Jihadhari na broka

Kuna watu mjini watakaokuambia wanaweza "kutengeneza" barua ya kazi. Usikubali. Mwajiri hupigiwa simu, na rekodi za kodi huangaliwa. Ukinaswa, ombi hukataliwa na doa hilo hubaki katika faili yako. Ada ya viza nayo hairudishwi, na ni pesa ambazo pengine familia iliuza ng'ombe kuzipata. Afadhali kungoja miezi 6 kuliko kuharibu miaka mingi.

6. Usisahau

Mshahara ni sehemu moja tu. Utahitaji pia cheti cha ndoa (ndoa ya kimila isajiliwe kwa Msajili wa Ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014), cheti cha kipimo cha kifua kikuu, na uthibitisho wa Kiingereza. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kulipa chochote.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini barua ya mwajiri peke yake haitoshi?

2. Mshahara ni pauni 25,000. Akiba inayohitajika ni kiasi gani? (Jibu: pauni 26,000.)

3. Tutawasaidiaje wenzetu wasiingie mikononi mwa mabroka?