Nani Ametawala Keroka?

Mtangazaji akiishiwa vitenzi hukimbilia "tawala". Chai imetawala, ukungu umetawala, jamii fulani imetawala. Kabla hujamfuata, pita Gusii kidogo, kule Kenya.

1. Uliza kwanza nani kashindwa. Tawala ni neno la enzi. Palipo na mtawala pana mtawaliwa. Mahindi yametawala ugali wa Gusii, kwa kuwa obokima (ugali kwa Kigusii) wa zamani ulikuwa wa wimbi. Wimbi bado lipo, ila limesukumwa pembeni. Hapo neno limekaa.

2. Ndizi za soko la Daraja Mbili hazimtawali mtu. Zimejaa, zimetapakaa. Ukungu wa Manga hutanda, maradhi huenea. Uchongaji wa mawe kule Tabaka umeshamiri, kwani shamiri hupenda shughuli na mienendo, mizuri kwa mibaya.

3. Watu ndio wa kuchunga zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Wa kwanza ni zaidi ya mara mbili ya wa pili, lakini Kisii haiitawali Nyamira hata kijiji kimoja: tangu 2013 kila kaunti ina gavana wake. Sasa nenda Keroka, mji uliokalia mpaka, ambao kaunti hizo mbili zimeuvutania pamoja na ushuru wake. Ukiandika "Keroka inatawaliwa na watu wa Kisii", umesema wao ndio wengi, au umeshatoa hukumu ya mpaka? Andika "wengi wa wakazi ni…" ulale usingizi. Msimu wa kura ndio usithubutu kabisa.

4. Uwanjani, tawala halimaanishi shinda. Vijana wa Shabana, timu ya soka iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2023, wanaweza kuutawala mpira dakika 90 pale uwanja wa Gusii na bado wafungwe bao moja la kubahatisha. Mashabiki wanaujua uchungu huo.

5. Tamalaki ni zito, ndugu ya miliki na mamlaka. Liwekee hofu na ufisadi. Mboga za chinsaga zikitamalaki sahani, mlaji atakimbia.

6. Usilisahau aghalabu. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kushinda, ila kwetu limepoa, likabaki "mara nyingi" tu. Mvua ya Kisii aghalabu hunyesha alasiri, beba mwavuli.