Somo la Afya: Maji Yaliyo Safi Bomba Kuu Huharibikia Wapi?

Kisiwa cha Mombasa hakina mto wala ziwa. Mji mzima unategemea maji ya kutoka kaunti jirani: chemchemi za Mzima huko Taita Taveta, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki huko Kilifi, na chemchemi za Marere pamoja na visima vya Tiwi huko Kwale. Bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Maji yakifika mjini, husambazwa na shirika la maji la kaunti, MOWASSCO.

Mkazi wa Bondeni anapokinga ndoo yake, huenda akajiuliza: maji yaliyosafiri mwendo huo yanafaa kunywewa? Jibu linategemea hatua nne. Moja ikilegea, zilizotangulia hupoteza faida.

Hatua ya kwanza: chanzo

Maji ya Mzima ni mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu, ikapenya mawe ya volkano na kujichuja chini ya ardhi. Baricho nako maji hayatekwi mtoni moja kwa moja. Huvutwa na visima baada ya kupita kwenye mchanga, na mchanga huzuia tope. Chanzo kikilindwa, kazi inayobaki huwa nyepesi.

Hatua ya pili: klorini

Klorini huua vijidudu, na kiasi kidogo hubaki ndani ya maji ili kuyalinda njiani. Shirika la Afya Duniani linashauri kisipungue miligramu 0.2 kwa kila lita maji yanapomfikia mtumiaji. Kwa hiyo harufu hafifu ya klorini si dalili ya ubovu, bali ni ishara kwamba mlinzi bado yuko kazini. Maabara pia hutafuta bakteria wa kinyesi. Katika mililita 100 za maji ya kunywa hatakiwi kupatikana hata mmoja.

Hatua ya tatu: bomba la mtaani

Hapa ndipo hatari ilipo. Bomba likijaa maji yenye nguvu, ufa wake huvuja kuelekea nje. Lakini maji yanapotolewa kwa zamu, bomba hubaki tupu, na maji machafu yaliyotuama kandokando huingia kupitia ufa uleule. Maji yakirudi, husomba uchafu huo hadi majumbani. Pampu inayofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huongeza hatari, kwani huvuta maji na uchafu pamoja. Maunganisho ya kichinichini nayo huacha viungo vinavyovuja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maji, ukuta huo ni kitanda cha hospitali.

Hatua ya nne: nyumbani

Maji safi yakiwekwa kwenye tangi lisilo na kifuniko, au yakichotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono michafu, si salama tena.

Na visima je?

Mfereji ukikauka, wengi hukimbilia visima vya mtaani au maji ya mkokoteni. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, hivyo maji ya vyoo vya shimo hupenya upesi hadi kisimani. Mwaka 1854 mjini London, daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu kilichoua mamia ya watu kilitokana na kisima kimoja cha Broad Street. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la maji taka lilikuwa likivuja karibu nacho. Maji ya kisima hicho yalisifiwa kwa ladha yake. Basi ladha na mng'ao havithibitishi usalama.

Maji ya kisima yanafaa kwa kufua, kuosha sakafu na chooni. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi.

Mambo ya kufanya

• Maji ya kwanza baada ya mgao yakingwe kwa ajili ya usafi. Ya kunywa yakingwe yakishatakata.

• Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja au zaidi, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa iachwe ifanye kazi kwa nusu saa.

• Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani uchafu humaliza nguvu za dawa.

• Yahifadhiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na mdomo mwembamba, na yamiminwe badala ya kuchovya kikombe.

• Tangi na birika vifunikwe na kusafishwa mara kwa mara. Birika la chini ya ardhi likae mbali na bomba la maji taka.

• Mnunuzi wa maji ya mkokoteni aulize yametekwa wapi, na ayatibu hata akipewa jibu zuri.

• Bomba lililopasuka au maji yenye rangi na harufu ya uvundo yaripotiwe MOWASSCO mara moja. Majirani nao waarifiwe wasiyanywe.

Mtu akianza kuhara majimaji mfululizo, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache, lakini hutibika mgonjwa akiwahishwa.