Somo: Usalama Wako Ndani ya Umati wa Sikukuu na Ibada

Sikukuu za Pasaka, Idi na Krismasi, pamoja na mikutano mikubwa ya Injili, huwatoa wakazi wa Nyarubungo na maeneo jirani ya Biharamulo na Ngara majumbani mwao kwenda mahali penye watu wengi kuliko walivyozoea. Aliyelipa kiingilio ni mtumiaji wa huduma, na aliyeingia bure naye ni vivyo hivyo. Wote wawili wanastahili kurudi nyumbani wakiwa hai. Haki hiyo ina masharti yake kwa mwandaaji, lakini ina maarifa pia ambayo mhudhuriaji mwenyewe hana budi kuwa nayo.

Tukumbuke yaliyotokea nchini mwetu. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, waumini waliokuwa kwenye ibada walikimbilia mahali palipomwagwa mafuta yaliyobarikiwa ili wayakanyage. Watu 20 walipoteza maisha, watoto wakiwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Machi 2021, wananchi walifurika uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam kumuaga Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, wilaya iliyomegwa kutoka Biharamulo. Polisi walitangaza baadaye kwamba watu 45 walikufa katika msongamano huo. Na wazazi wa Tabora hawajasahau Idi ya tarehe 1 Oktoba 2008, pale watoto wapatao 20 walipokufa katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita uwezo wake. Matukio hayo matatu yanatofautiana kwa kila kitu: ibada, msiba na burudani. Hapakuwa na moto wala silaha. Kilichoua ni wingi wa watu mahali pasipowatosha.

Neno letu “mkanyagano” linapotosha kidogo. Humfanya msikilizaji awafikirie watu wenye hofu wakikimbia juu ya wenzao. Wapo wanaokufa hivyo, lakini wengi zaidi hufa wakiwa wamesimama wima, au wamelaliwa na wenzao, kwa sababu kifua kimebanwa kiasi cha kushindwa kutanuka na kuvuta hewa. Mtu hukosa pumzi, huzimia, na msongamano wenyewe humshikilia asianguke. Kwa hiyo si haki kuwalaumu marehemu kwamba walikosa ustaarabu. Walio nyuma husukuma kidogo kidogo, kila mmoja akidhani anasogea tu, bila kujua kwamba mbele hakuna tena nafasi hata ya kupitisha mkono.

Hatari hiyo hupimika. Wakisimama watu wawili au watatu katika mita moja ya mraba, kila mtu hugeuka na kutembea apendavyo. Wakifikia watano, mabega hugusana pande zote, nao ndio wakati wa kuondoka. Wakizidi sita, umati huanza kwenda kama maji: wimbi hutoka upande mmoja likakuchukua hatua kadhaa bila hiari yako, nawe huwezi kulizuia hata uwe na nguvu kiasi gani. Kipimo cha mtu asiye na futi mkononi ni hiki: ukishindwa kuinua mikono hadi usoni bila kumgusa jirani, umechelewa kidogo, lakini bado unaweza kutoka.

Utoke vipi? Usirudi nyuma kwa kupambana na wimbi. Lisubiri lipite, kisha katika utulivu mfupi unaofuata sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Mikono ikae mbele ya kifua, viwiko vikiwa vimekunjwa, ili pabaki nafasi ya kupumua. Usipige kelele bila sababu, maana kelele hutumia pumzi unayoihitaji. Kiatu au simu ikianguka, iache. Ukianguka wewe na ukashindwa kuinuka, lala kwa ubavu, ujikunje, ufunike kichwa kwa mikono. Usilale chali wala kifudifudi. Kaa mbali na kuta, uzio na nguzo, kwa kuwa hapo ndipo watu hubanwa bila pa kuponyokea.

Mama aliyebeba mtoto mgongoni ana tatizo la peke yake: hamwoni. Kabla ya kuingia penye watu wengi amhamishie mbele, au akae pembeni kabisa tangu mwanzo. Watoto wakubwa waambiwe mapema mahali pa kukutana iwapo watapoteana, pawe nje ya lango, kama vile chini ya mti unaojulikana; mahali pa ndani hapafai. Baraka, zawadi au kuiona maiti ya mpendwa si vitu vya kugombania langoni. Anayengoja nusu saa huyapata yaleyale.

Kwa dharura, polisi hupatikana kwa namba 112 na Zimamoto na Uokoaji kwa 114.

Sasa tuwageukie waandaaji, ambao mara nyingi ni kamati za parokia, msikiti au kijiji, zenye nia njema lakini zisizopiga hesabu. Uwanja wa mita 40 kwa 25 una mita za mraba 1,000. Kwa watu wawili kila mita, unabeba watu 2,000. Katika lango, kila mita moja ya upana hupitisha takriban watu 80 kwa dakika wakitembea bila kusukumana. Lango la mita 3 litawatoa hao 2,000 kwa dakika zaidi ya 8. Wauza karanga na soda wakiziba nusu ya lango hilo kwa meza zao, muda unakaribia dakika 17, na hapo ndipo subira hukatika.

Zoezi la kikundi: Pimeni kwa hatua uwanja au jengo ambalo jumuiya yenu hutumia kwa sikukuu, mkihesabu hatua moja kubwa kuwa mita moja. Toeni sehemu zilizochukuliwa na jukwaa, hema na magari. Linaingiza watu wangapi kwa usalama? Milango ni mingapi, na siku ya sikukuu iliyopita ni mingapi iliyokuwa wazi? Inafunguka kwa nje au kwa ndani, na funguo hukaa kwa nani ibada inapoendelea?